Amri Iliyotumwa kwa Jina Langu

Mwezi uliopita tumemzika Bi Mwajuma huko Mbuchi, kijijini kwetu deltani, na mie nilikuwepo, nimekaa ndani kwa wanawake, karibu na mlango wa uani. Kabla maiti haijaswaliwa, mwanawe mkubwa alisimama nje akatangaza kama inavyotangazwa siku zote: mwenye dai kwa marehemu awaone wafiwa, na aliyekoseana naye amsamehe kwa ajili ya Mungu. Mle chumbani wanawake wakaitikia, tumemsamehe, tumemsamehe, wengine wanajifuta machozi kwa ncha za kanga. Mie nikafumba mdomo. Bibi mmoja aliyekaa ubavuni kwangu, wala hanijui, akanigusa goti: "Sema, mwanangu, maiti anangoja." Sikusema. Msinione nina roho ya korosho. Nimewasamehe watu wengi katika umri huu, wakiwemo wasioniomba. Lakini mwaka ule mmoja, nilipokuwa na miaka ishirini na mbili, umenikaa kooni, na Bi Mwajuma ndiye aliyekuwa na maji ya kuuteremsha. Afadhali niueleze ulivyokuwa.

Bi Mwajuma alikuwa mwenyekiti wa umoja wa wasusi wa mikeka. Wanawake wa kwetu walikuwa wanakata ukindu, wanauanika, wanautia rangi, wanasuka kili, ile mikanda ya kushonea mkeka, usiku na mchana, kisha wakimaliza mkeka wanamwuzia mchuuzi anayepita kwa bei anayoitaka yeye. Umoja ulipata bahati ya kutengenezewa tovuti na wafadhili fulani, mikeka ikapigwa picha, na kila mkeka ukaandikwa jina la aliyeusuka. Mteja akiupenda anajaza fomu humo humo kwenye tovuti, anataja mkeka, rangi na urefu, anabonyeza, na ujumbe unaingia kwenye barua pepe ya umoja. Akatakiwa mtu wa kuitunza tovuti hiyo akiwa Kibiti, penye umeme na mtandao. Nilikuwa nimetoka kusoma cheti cha kompyuta Dar, na Bi Mwajuma alinishika mkono mbele ya kikao akasema, "Huyu wa kwetu. Wa kwetu hawezi kutuuza." Yule mama hakuwa msemaji sana. Akikusifia mara moja, unatembea na sifa hiyo mwaka mzima, na mie nilitembea nayo nimeinua shingo, watu wakaanza kusema Mwanahawa siku hizi anajisikia.

Kibiti nilipanga chumba pamoja na shoga yangu Zuhura, mtoto wa kijiji cha Mtunda, tuliyesoma naye chuo kimoja. Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya duka la mabati. Ukuta mmoja ulikuwa wa mbao nyembamba, na ng'ambo yake walikaa mke na mume waliogombana kwa kunong'ona, ndiyo mbaya zaidi, maana unajikuta umetega sikio. Tulilala kitanda kimoja mie na Zuhura, tukavaliana madira, tukala sahani moja. Asubuhi mihogo ya kuchemsha na chai ya tangawizi, jioni bada, ule ugali wa muhogo, kwa kisamvu, na Ijumaa, kama kuna mtu kaja kutoka deltani, wali kwa samaki wa nazi. Zuhura alikuwa na tabia ya kunichambulia miiba ya samaki anisogezee mnofu, akisema mie nina haraka ya kula nitajifia siku moja bure. Kwa kompyuta alinizidi mbali. Mie nilikuwa najua kutunza, yeye alikuwa anajua kutengeneza na kubomoa. Alifanya kazi kwa tajiri mmoja aliyekuwa akinunua mikeka na vikapu vijijini na kuviuza mahotelini, na ofisi yake ilitazamana na yangu, barabara tu katikati. Watu waliniuliza, "Huoni vibaya, shoga yako yuko kwa mshindani wenu?" Nikawajibu kwamba urafiki na kazi ni vyungu viwili. Nilikuwa mjinga, lakini ujinga wangu ulikuwa wa kupenda.

Ile fomu ya wateja haikuwa ya tovuti yenyewe. Ilikuwa plagini, kiprogramu kinachochomekwa juu ya tovuti, kimetengenezwa na mtu wa mbali usiyemjua wala hakujui, na watu chungu nzima duniani wanakitumia hicho hicho. Kila nikiingia kazini asubuhi niliona alama nyekundu kando ya jina la plagini ile: kuna toleo jipya, sasisha. Nikamwuliza Zuhura, kwani nilikuwa namwuliza kila kitu. Alikuwa anasuka nywele zangu, goti lake limenibana bega. "Usiiguse," akasema. "Kitu kinafanya kazi, unakishikashika cha nini? Ukisasisha fomu itavunjika, Bi Mwajuma akutoe roho." Nikaiacha alama pale, nikaizoea, mwisho siioni tena. Siku moja nikiwa naoga uani nilimsikia akiongea na simu, anasema, "Kuwa na subira bosi, lazima afungue mwenyewe." Nikadhani wanazungumzia duka au ghala. Tulipokula jioni ile alinichambulia samaki kama kawaida.

Somo yangu alikuwa Bi Shukuru. Ndiye aliyenifunda nilipovunja ungo, akaniambia mambo ambayo mama hawezi kumwambia mwanawe, na kwetu somo akifa ni kama umefiwa na nusu ya mama. Asubuhi moja ya kipupwe simu yangu ilikuwa imezima, nimeisahau chumbani. Nilikuwa ofisini, nimeshaingia kwenye tovuti, nataka kuweka picha mpya za mikeka. Ikaja barua pepe ya Zuhura, na kuandikiana hivyo ilikuwa desturi yetu mchana kutwa, tunatumia mtandao wa ofisi. Safari hii aliandika: "Shoga, jikaze. Wamekupigia hupatikani, wamenipigia mie. Somo yako ametutoka alfajiri. Picha yake na taratibu za mazishi nimeziweka hapa." Chini yake kiungo. Sasa niambieni, Mswahili gani akiletewa tanzia ya somo yake anasema ngoja kwanza nitoke kwenye akaunti? Kwetu tanzia haiwekwi kiporo. Hata ugali ukiwa mkononi unauweka chini. Nikabonyeza. Ukafunguka ukurasa wenye picha ya Bi Shukuru kwenye harusi, kajitanda kanga, anacheka na lile pengo lake, na chini saa ya mazishi. Nikapiga yowe. Zuhura aliuvuka mtaa mbio akanikuta sakafuni, akanifunika kanga yake, akafunga ofisi kwa mkono wake mwenyewe. Msiba ulikuwa wa kweli, na hiyo ndiyo sehemu nisiyoweza kuimeza.

Akanisindikiza mpaka Mbuchi. Tulivuka kwa mtumbwi tumeshikana. Kwenye matanga alipika, alichota maji, alikosha masufuria makubwa kama mtoto wa nyumba ile, na nilipolia alilia. Wakubwa wakawa wanamnyooshea kidole wakiambiana, "Mnamwona huyu? Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki." Bi Mwajuma mwenyewe alimwita akambariki, akamwekea chakula kwa mkono wake.

Baada ya hapo wateja wakakauka. Mwanzo tukadhani ni msimu. Nikifungua barua pepe ya umoja, kimya, leo kimya, kesho kimya. Wanawake wakazidi kusuka kwa sababu ndiyo kazi wanayoijua, na mikeka ikajaa kwenye chumba cha nyuma cha Bi Mwajuma, ikapanda ukuta mpaka ikafika darini, panya wakaanza kuifanya nyumba. Kila nikipiga simu alikuwa ananiuliza swali moja, "Hawajatuandikia?" na kila siku sauti yake inapungua joto kidogo. Kisha akaja mama mmoja wa Dar mwenye duka la vitu vya asili. Alifunga safari mpaka Mbuchi, kafura. Ameandika kwenye tovuti yetu mara tatu, anasema, na kila mara akajibiwa na bwana mmoja wa Kibiti anayejiita wakala wa wanawake wa Mbuchi, akaletewa mikeka ambayo ukiimwagia maji rangi inahama. "Nimekuja niwaone wenyewe nyie mnaonitapeli," akasema. Wanawake wakatazamana. Nilipopigiwa simu kuelezwa hayo ndipo nilipofungua mipangilio ya ile fomu, nikakuta anwani ya kupokelea ujumbe si yetu. Ilikuwa imebadilishwa, na hiyo mpya haikuwa na jina la mtu. Kumbukumbu ya tovuti ikasema waziwazi nani kabadilisha: Mwanahawa. Na siku ilikuwa siku aliyokufa somo yangu, saa ile ile niliyokuwa nikitazama picha yake.

Nilijiuliza kama kwa uchungu wa msiba nilibonyeza kitu. Nikamwonesha Zuhura, akatazama kioo cha kompyuta, akasema taratibu, "Kompyuta haisemi uongo, shoga. Labda hukumbuki tu." Kumbe mtu anaweza kukutia shaka na nafsi yako kwa sauti ya upole namna ile.

Kikao kikaitwa uani kwa Bi Mwajuma. Wanawake walikaa juu ya mikeka isiyo na wateja. Zuhura alikuja kama shoga yangu, lakini kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua mambo ya kompyuta, akaombwa yeye awasomee kumbukumbu ile. Akasoma, sauti haikutetemeka: "Imebadilishwa na Mwanahawa." Mama mmoja, mkeka wake ulikuwa wa kwanza kupigwa picha, akasema, "Kumbe kikulacho ki nguoni mwako," na wengine wakaguna. Niliwaambia sikufanya. Niliwaambia sijui ilivyokuwa. Wakasema basi hakuna haja ya maneno mengi, mtoto wa Kiislamu ana njia yake. Akaitwa mwalimu wa madrasa, akaja na msahafu umefunikwa kitambaa cha kijani. "Katie udhu," akaniambia, "kisha ushike, useme wallahi, billahi, tallahi, amri ile haikutoka mkononi mwangu. Ukiapa, yamekwisha, na atakayekutaja tena atakuwa na lake." Bi Mwajuma akanitazama. Akasema, "Apa, mwanangu, tule chakula." Alikuwa kapika, nilisikia harufu ya tui.

Nilikwenda nyuma kutia udhu, Zuhura akanifuata na kopo la maji. Akawa ananimiminia mikononi huku ananong'ona. "Usiape kitu usichokijua. Jina lako liko pale. Je, kama mkono wako ndio uliobonyeza? Yamini haichezewi, Mwanahawa, inakula kizazi." Aliyasema hayo machozi yanamlenga. Na mie, kwa kuwa nilikuwa namwogopa Mungu kweli kweli, nikaona anasema haki. Kwani ni kweli sikujua. Ningeshikaje kitabu cha Mwenyezi Mungu niseme haikutoka mkononi mwangu, na mkono wangu ulikuwa juu ya mashine saa ile? Nikarudi uani, mikono inachuruzika maji, nikasema mbele yao wote: "Siwezi kuapa." Mwalimu akafunika msahafu. Mama mmoja akatema mate pembeni. Bi Mwajuma akainuka bila kusema neno, akaingia jikoni, akafunga mlango. Siku ile ile tajiri wa Zuhura akaleta salamu kwamba, kwa kuwahurumia, atachukua mikeka yote iliyolundikana kwa bei yake, na Zuhura atawatunzia tovuti bure.

Nikaenda Dar. Kibiti pangekalika vipi? Hata muuza maandazi alikuwa akinirudishia chenji bila kunitazama. Nikapata kazi kwenye ofisi ndogo inayotengeneza tovuti za watu, na huko nikawekwa chini ya dada mmoja, Neema, mkali kama pilipili lakini anafundisha. Siku moja akanipa orodha ya plagini zenye matundu, nizihakiki kwenye tovuti za wateja. Nikaiona. Plagini yetu, jina lake, toleo letu, na maelezo: mtu wa nje anaweza kumfanya msimamizi atume amri bila kujua, kwa kumfungulisha kiungo tu. Na dawa ilikuwa imetolewa miezi kabla ya msiba. Ile alama nyekundu, jamani. Nikamwita Neema aje aone.

Nitawaeleza kama alivyonieleza yeye. Mtoto wako unamtuma dukani kila siku, mwenye duka anamjua. Mtoto akisema mama kasema nipe sukari, anapewa. Sasa jirani mwenye nia mbaya akamkuta njiani, akamwambia, mama yako kasema ukachukue na mafuta uniletee mimi. Mtoto atakwenda, mwenye duka atatoa, na itakuwa wewe ndiye uliyetuma. Mtoto hakusema uongo, mwenye duka hakuiba, wewe huna habari. Kivinjari changu, ile programu ya kufungulia mtandao, ndicho kilichokuwa mtoto. Asubuhi nilikuwa nimeingia kwenye tovuti, kwa hiyo tovuti, ndiyo mwenye duka, ilikuwa inakijua, na ule ukurasa wa tanzia ukakituma kimyakimya kikabadilishe anwani. Plagini iliyotengenezwa vizuri humwuliza mtoto neno ambalo mama peke yake ndiye anayempa safari ile. Ya kwetu haikuuliza.

Ile barua pepe nilikuwa nayo bado, nani anafuta tanzia ya somo yake? Neema akaufungua ukurasa, akauchungulia kwa ndani. Chini ya picha ya Bi Shukuru palikuwa na fomu isiyoonekana, imejazwa tayari, inajituma yenyewe. Akatazama tarehe za mafaili. Fomu ilikuwa imeandikwa wiki mbili kabla somo yangu hajafa. Kilichoongezwa asubuhi ile ni picha na saa ya mazishi. Yaani shoga yangu alikuwa ametega, anangoja tu chambo, na Mungu alipomchukua Bi Shukuru yeye akaona ndicho hicho.

Nilimpigia simu. Sikumsalimia. Nikamwambia nimeuona ukurasa wako kwa ndani. Akasema, "Ningekuambia, ungekubali? Bosi alikuwa anataka kunifukuza, Mwanahawa." Nikamwuliza, "Na machozi ya matangani?" Akajibu haraka, kama mtu aliyeonewa, "Yale yalikuwa ya kweli. Bi Shukuru nilimpenda." Na ninaamini. Ndiyo maana sijawahi kumwelewa. Nikakata simu, na mpaka leo hatujasemeshana.

Lakini Zuhura si wa kumtaka anisafishe. Aliyeniita wa kwetu alikuwa mwingine. Nikachapa karatasi zote, nikapanda gari mpaka Kibiti, nikateremka deltani, nikamkuta Bi Mwajuma peke yake uani anachambua ukindu. Alinikaribisha kama mgeni, akanipa maji. Nikamweleza kila kitu kwa ule mfano wa mtoto na duka, nikamwonesha karatasi. Nilikuwa nimejiandaa kwa mabishano. Nilikuwa nimejiandaa hata kuapa, sasa naweza. Yeye akaendelea kuchambua, hakuzitazama karatasi.

"Mbona nilijua," akasema.

Nikamwuliza alijua nini.

"Kwamba si wewe. Nilijua siku ile ile. Mwizi angeapa. Angeshika msahafu kwa mikono miwili, angeapa mpaka tumwonee huruma. Wewe ukaogopa. Anayeogopa yamini hawezi kuwauza watu." Akaweka ukindu chini. "Na yule mwenzio nilimwona alivyokufuata na kopo la maji. Mie si mtoto."

Nikasema, "Sasa mbona ulinyamaza, mama?"

"Mikeka ilikuwa imefika darini, Mwanahawa. Ndani ya nyumba za watu hamna kitu. Yule bwana kasema anachukua yote. Ningekutetea wewe ningemgusa Zuhura, ningemgusa Zuhura bwana angeondoka. Nikaangalia, nikaona wewe umesoma, una pa kwenda. Wale hawana." Alisema bila haya na bila ukatili, kama mtu anayeeleza jinsi alivyogawa chakula kisichotosha. Na mie nikaona kwamba Zuhura aliniuza bila ya mie kujua, lakini huyu aliniuza ananitazama usoni.

Sikumtukana. Nilipiga magoti pale kwenye vumbi, mtu mzima na cheti changu cha Dar, nikamwomba kitu kimoja tu. Nikamwambia, mikeka imeshauzwa, njaa imeshapita, basi waite wanawake, uwaambie Mwanahawa hakuwauza. Hata mara moja. Hata wakiwa wanasuka tu, uwaambie.

Akaniinua kwa mkono, akanikung'uta gauni vumbi kama mama anavyomkung'uta mwanawe. "Nitawaambia, inshaallah," akasema. "Nikipata nafasi."

Aliishi miaka kumi na miwili baada ya siku ile, na kila Jumamosi alikuwa anakaa nao uani, wanasuka.